Tembre ya Huruma Haisafirishi Barua

Ansima, mwana wani,

Nakusikia unavyofunga mizigo. Unafungua kabati polepole, unalifunga polepole, unakanyaga sakafu kwa ncha za miguu kana kwamba kuna msiba sebuleni. Umekuwa hivyo tangu juzi, ulipoishusha albamu ya babu yako na kukuta ukurasa wa mwisho ni mtupu. Hukuniuliza kitu. Uliirudisha juu ya kabati, ukaja jikoni, ukauliza kama chumvi imekwisha.

Mambo ya chakula, ya kanisa, ya wavulana, tumeyazungumza mpaka yakatuchosha sote wawili, na hapa nayaacha. Kesho asubuhi utavuka Ruzizi, mto wa mpakani, na katika yote ambayo mama huogopa mtoto anapoondoka, moja ndilo limenikalisha mezani na karatasi hii. Naogopa utavuka ukiamini kwamba nafasi yako ya masomo imenunuliwa kwa bei ya bibi yako. Kwamba nilichukua kitu cha mwisho alichokishika kwa mikono yake, bahasha ya barua yake, nikakiuza, ili wewe uende. Umeshaanza kulibeba jambo hilo. Naliona mabegani mwako.

Niruhusu nikueleze bahasha ile ilikuwa nini. Sisemi nina hakika. Nasema tu kwamba nimefikiri.

Babu yako, kama ujuavyo, alikuwa mkuu wa shule ya msingi kule Nyantende. Kila mwaka kabla ya Noeli, parokia ilimkabidhi karatasi za tembre, zile stempu, za kuuza kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Hazikuwa tembre za posta. Ulitoa mchango wako, ukapewa kipande kidogo chenye picha, ukakibandika nyuma ya bahasha ili anayepokea barua ajue kwamba umewakumbuka wagonjwa. Zilikuwa tembre za huruma, na posta haikuzihesabu kuwa kitu. Zile zilizokosa mnunuzi, babu yako alizinunua mwenyewe, kwa sababu aliona aibu kumrudishia padri karatasi nzima. Hivyo ndivyo albamu ilivyojaa: kwa aibu, zaidi kuliko kwa mapenzi ya kukusanya.

Barua ya shule ya uuguzi ya Kampala ilipokuja, benki za hapa Bukavu zikiwa zimefunga milango kwa sababu ya vita na mishahara yetu sisi walimu imelala huko ilikolala, ni wewe uliyeishusha albamu ile.

"Maman, hizi haziwezi kukosa bei," ulisema. "Ni za zamani."

"Uzee si bei, Ansima. Hata mimi niko wa zamani."

"Wewe nitakuuzisha ya mwisho."

Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka namna ile kabla ya siku hiyo. Tulikaa mezani juma zima. Nilikuonyesha nilichokuwa nimejifunza, kwamba tembre ya posta hutaja mambo mawili bila kuulizwa, nchi iliyoitoa na thamani yake, na kwamba tembre ya huruma huweza kunyamaza juu ya yote mawili. Badala yake huwa na mwaka, neno la kuwaombea wagonjwa, na mara nyingi ule msalaba wenye mikono miwili ambao ni alama ya vita dhidi ya kifua kikuu. Wewe ulizishika moja moja kwenye mwanga wa dirisha, ukahesabu matundu ya ukingoni kwa rula ya shule, ukagundua kabla yangu kwamba zile zenye upande mmoja laini, usio na matundu, zilitoka pembezoni mwa karatasi. Una jicho zuri. Nilikwambia hivyo siku ile, nami narudia, kwa sababu sisi akina mama wa mji huu tunasifu watoto wetu mbele ya majirani tu.

"Hii haina hata jina ya inchi," ulisema. "Njo ile ya bure?"

"Bure kwa posta. Kwa mutu anayekusanya, tungali hatujajua."

"Maman, na wewe! Hata ukiulizwa jina yako utasema tungali hatujajua."

Ulikuwa unatania, lakini ulisema kweli. Nimeishi kwa "huenda" na "yamkini" tangu nilipotoka chuoni. Nilichelewa sana kukupa jibu juu ya albamu ile, na jibu lenyewe lilikuwa dogo. Karatasi nzima, safi, zisizotumika, ziko nyingi duniani. Inaelekea wakuu wa shule wa nchi zote waliona aibu ileile ya babu yako. Zina thamani ya kumfurahisha mtoto. Kilicho adimu ni tembre ya huruma iliyosafiri kweli: iliyo bado juu ya bahasha yake, na muhuri wa posta umeikanyaga, nusu ya wino juu ya tembre na nusu juu ya karatasi, hata pasiwe na mtu wa kusema kwamba ilibandikwa baadaye. Na kilicho adimu kuliko hicho ni ile iliyowekwa peke yake mahali pa tembre halali, na mtu asiyejua, kisha posta ikaibaini na kuipigia alama ya T, alama ya barua ambayo haikulipiwa.

Nilikuwa nakueleza hayo kama ninavyoeleza darasani. Wewe ukafunua ukurasa wa mwisho.

"Maman," ulisema. "Si njo hii?"

Nilikuwa najua kuwa iko pale. Ni mimi niliyeiweka. Lakini sikuwa nimewahi kuiita kwa jina hilo, kitu adimu. Kwangu ilikuwa na jina jingine.

Nilikuwa nasoma historia Lubumbashi, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire. Bibi yako aliniandikia mara chache, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma katika katekisimu. Barua zote kabla ya ile zilipelekwa posta na babu yako. Ile moja aliipeleka mwenyewe. Babu yako alikuwa Mumosho kwa mikutano ya shule, naye bibi yako hakutaka kumngoja. Akachukua tembre iliyokuwa mezani, yenye picha ya mtoto na ule msalaba, akaibandika vizuri kabisa, pembeni juu, upande wa kulia, kama alivyoona wengine wakifanya. Alikuwa ameinunua yeye mwenyewe, kwa pesa ya maharage yake. Mtu aliyetoa pesa akapewa tembre, kwa nini afikiri kwamba tembre hiyo haiwezi kubeba barua?

Mimi nilipata habari ya kifo chake kwa phonie, redio ya misioni. Barua niliipata baadaye, katika dirisha la posta, imezuiwa kwa ajili ya tembre ile; nikalipia kile kilichopungua, nikaifungulia palepale nimesimama. Aliandika kwamba mbuzi za jirani zimekula mahindi ya bondeni, kwamba baba yangu amenunua viatu vinavyomkaza naye hataki kukubali, na kwamba nikipata nafasi nije Noeli, kwa maana tumbo linamsumbua kidogo. Aliandika "kidogo" mara mbili.

Nilipofika Nyantende likizoni, kaburi lilikuwa limeanza kuota majani. Nilimkuta babu yako nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha bahasha kabla ya kumsalimu.

"Papa, ni wewe unauzishaka hizi vitu. Haukumwambiaka kama hazipeleke barua?"

Aliiangalia muda mrefu. "Nilizani anajua, mwana wani," alisema. "Kila mutu anajua."

"Yeye hakujua."

Akachukua kofia yake, akaenda zake migombani. Hatukulizungumza tena jambo hilo. Baada ya hapo niliendelea kumwandikia kila mwezi, na kila bahasha niliibandika tembre halali, imenyooka, thamani kamili, wakati mwingine zaidi ya iliyohitajika. Ndani niliandika mistari michache tu. Alielewa. Alikuwa mtu wa kuelewa. Alikufa mwaka uliozaliwa wewe. Alikubeba mara mbili tatu, akakuimbia, na mimi nilisimama mlangoni nikiwaangalia nyinyi wawili kama mtu aliyekopesha kitu.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu. Papa Bisimwa, yule wa vitabu vya zamani pale Kadutu, alipoleta habari kwamba kuna mkusanyaji kutoka Nairobi anayetafuta bahasha za namna hiyo, wewe ulisema, "Uuzishe, Maman. Ni anvelope tu." Mimi nikakujibu neno ambalo sitaliandika hapa. Asubuhi yake ukaja ukiwa na macho mekundu: "Usiuzishe. Nitabakia. Nitatafuta kazi ku boutique, mwaka kesho tutaona." Mwaka kesho. Katika mji huu, Ansima, wakati huu, nani anaahidiwa mwaka kesho? Na shule haikuwa tayari kukungoja zaidi ya mwezi.

Ulipokwenda misa Jumapili ile, nilibaki na bahasha mezani, nikachukua lenzi. Nilitaka kujua bei yake tu. Mtu anayetathmini kitu kama hicho huanza na mihuri: ilipigwa wapi, siku gani, inasomeka au haisomeki. Nikaisoma. Na hapo, karibu na uzee wangu, nilitambua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimeitazama bahasha ile bila kuisoma hata mara moja. Mimi, niliyewafundisha watoto wa watu kwamba hati huulizwa maswali kabla ya kuaminiwa.

Mbele, muhuri wa Bukavu uko wazi. Nyuma kuna muhuri wa kupokelewa Lubumbashi, ambao sikuwa nimeujali kamwe. Mwezi ni uleule. Siku imefifia: naweza kuisoma tatu, naweza kuisoma nane. Maana yake barua haikukwama njiani. Posta ya Bukavu iliigongea alama ya T na kuiachia iende. Ilisafiri kwa siku chache tu, sawa na barua yoyote iliyolipiwa. Ikiwa ni tatu, ilifika bibi yako akiwa hai. Ikiwa ni nane, alikuwa ameshazikwa. Lakini siku zote hizo mbili mimi sikuwapo Lubumbashi. Wanafunzi walikuwa wamegoma, chuo kimefungwa, nami nilikuwa nimehamia Likasi kwa jamaa zetu, bila kumwandikia mtu yeyote nyumbani kwamba nimehama. Kama bibi yako angebandika tembre halali kuliko zote, ingeifikisha barua yake kwenye lango lililofungwa kwa mnyororo, ikalala ndani ya sanduku la chuo badala ya kulala posta.

Nililigeuza jambo hilo pande zote. Nilitafuta njia ambayo kosa lingebaki kwa babu yako, na nakiri niliitafuta kwa bidii. Sikuiona. Sikuona pia njia ya kulihamishia kwangu lote, ingawa hilo nalo nililijaribu. Mtu akizoea kushtaki, mshtakiwa akikosekana hujipandisha kizimbani mwenyewe. Kilichobaki ni mwanamke aliyeumwa tumbo, chuo kilichofungwa, na tarakimu moja iliyofifia. Hukumu haiwezi kusimama juu ya hayo.

Ulipotoka misa ulinikuta nimekaa palepale, ukadhani bado nina hasira na wewe.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoamini, kadiri ninavyoweza kuamini. Bibi yako hakuwa katika bahasha ile. Bibi yako yumo katika barua, katika mbuzi za jirani na viatu vya babu yako na "kidogo" mbili. Bahasha niliitunza kwa sababu nyingine. Ilikuwa ushahidi. Niliihifadhi katika albamu ya mtu niliyemshtaki, katika ukurasa wake wa mwisho, ili kila atakapoifungua ajue kwamba kesi haijafutwa. Naye aliifungua, Ansima. Albamu ilikuwa yake. Kila Noeli aliongeza tembre zake zilizokosa mnunuzi, na ili kuziongeza ilimbidi apite pale. Hakuwahi kuitoa. Hilo ndilo linaloniliza, na wala si kuuzwa kwa bahasha.

Juzi nilikwenda kwa Papa Bisimwa. Mnunuzi alikuwa bwana mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Aliigeuza bahasha mara nyingi.

"Professeur," Papa Bisimwa alininong'oneza, kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia, "usimukazie sana bei. Akipata homa ya palu hapa kwangu, nani atamutunza?"

Yule bwana akatabasamu. Alitaja bei yake; sikubishana, ingawa yamkini ningepaswa. Kisha akafungua bahasha kwa vidole viwili, akavuta karatasi iliyokuwa ndani, akanipa.

"Samahani, mama. Barua yenyewe siihitaji. Haiongezi thamani."

Papa Bisimwa alishika kichwa. "Yesu! Mutu ananunua maganda, anaacha ndizi!"

Nilicheka, nikalia, yote kwa pamoja, pale katikati ya kamusi zilizoliwa na mchwa. Yule bwana hakujua afanye nini, akaniletea kiti. Nilirudi nyumbani kwa miguu, barua ya bibi yako ikiwa ndani ya kitenge, imekunjwa kama alivyoikunja. Iko kwangu. Itabaki kwangu.

Lazima nikuambie na upande wa pili, ili usije ukadhani nimekuandikia ili kukutuliza tu. Inawezekana kwamba sababu hii nzuri niliipata kwa kuwa niliihitaji. Mtafiti anayesoma hati huku mtoto wake akingoja karo si shahidi wa kutegemewa. Ningemwambia mwanafunzi wangu hivyohivyo. Na pengine miaka kumi ijayo utaketi mahali, ufikirie bahasha ile, na kuona kwamba mama yako aliuza kitu kisichouzika kisha akatafuta maneno. Ukiona hivyo, sitakuomba ubadilishe. Nakuomba tu uyaulize mambo yako mapema kuliko mimi. Ukimkasirikia mtu, rudi kwenye hati yako angali anaweza kukujibu. Babu yako angenieleza habari ya muhuri wa nyuma kwa dakika moja. Aliziuza tembre zile maisha yake yote. Alijua kusoma mihuri. Huenda alishausoma. Huenda alijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuwa na kosa, akaninyamazia kwa sababu aliona ninahitaji mtu wa kumlaumu, na akajitoa yeye. Hilo sitalijua, nalo ndilo nitakalobaki nalo katika nyumba hii utakapokuwa umekwenda.

Wewe hudaiwi kitu. Si mimi ninayekudai, wala bibi yako. Ukifeli mtihani, utakuwa umefeli mtihani, hutakuwa umemfelisha marehemu. Ukichoka na uuguzi ukataka kushona nguo, shona. Pesa ile ilitoka katika kesi iliyofutwa. Hakuna mtu anayeidai.

Limebaki jambo moja, la kesho, nalo nakuandikia kwa kuwa sitaweza kulisema.

Siku nilipoondoka Nyantende kwenda chuoni, bibi yako alinisindikiza mpaka barabarani. Lori likaondoka, naye akabaki amesimama. Unaijua ile barabara inavyozunguka vilima: gari linakata kona, linapotea, kisha linatokea tena upande wa pili, juu kidogo. Tulipotokea, alikuwa bado amesimama. Tukapotea, tukatokea, bado amesimama, mdogo kuliko kwanza. Sikumbuki kona zilikuwa ngapi. Nakumbuka kwamba kila mara nilitumaini atakuwa ameshageuka, na kila mara nilitumaini atakuwa bado yupo. Mzigo wa kusimama kule niliubeba hadi Lubumbashi. Nilikuwa nikikaa kusoma, namwona yuko barabarani.

Kwa hiyo kesho, tutakapofika darajani, nitakukumbatia, nitakupa mfuko wako, na mimi ndiye nitakayegeuka kwanza. Nitaupanda mlima bila kutazama nyuma. Usidhani ni ugumu wa moyo, na usinisubiri. Ukitazama, utaona mgongo wa mwanamke anayewahi sokoni kabla dagaa za sambaza hazijaisha. Beba huo, Ansima. Ni mwepesi.

Mama yako